Vepu yangu inavuta kwa tabu, nitoboe tundu la hewa?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Niko Shangani hapahapa Mtwara, nina miaka 27, sigara niliacha mwaka jana baada ya Ramadhani nikahamia kwenye vepu, ile sigara ya umeme, maana kukaa mikono mitupu nilishindwa kabisa. Shida yangu ni hewa. Nikivuta ni kama nanyonya uji kwa mrija, mashavu yanaingia ndani, mvuke unatoka kidogo, na ile pete ya hewa ya chini nimeifungua yote. Rafiki yangu karudi toka Dar na ya kwake kubwa, anavuta kifua kizima, wingu linajaa baraza nzima. Kaniambia nichukue drili nitanue matundu ya chini yafike milimita 2, na nimeshaongea na sonara ana biti nyembamba. Koili yangu, kile kiwaya cha ndani kinachochemsha juisi, imeandikwa 1.2, betri ni ile ya umbo la kalamu haina kioo wala vitufe vya kuongeza wati. Juisi ya vepu natumia ile nzito ya 70 kwa 30. Nitoboe au nisitoboe, na nikitoboa nafanyaje tenki la juisi lisivuje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera ya kweli kwa kuachana na sigara, mimi nilizivuta miaka mingi najua ile asubuhi ya kwanza bila pakiti mfukoni ilivyo. Sasa jibu. Usitoboe bado. Sikukatazi kabisa, nakuomba tu drili ya sonara ipumzike siku mbili tatu kwanza, maana kwa ulivyoeleza naona hewa inasingiziwa.

Ngoja nikueleze hewa inapita wapi, ukishaelewa hapo utajijibu mwenyewe nusu ya swali. Ukivuta, hewa inaingia kwenye yale matundu ya chini, inapanda katikati ya koili, pale inabeba mvuke, halafu inapita kwenye bomba la kati mpaka mdomoni. Ni njia moja tu hiyo, na kinachoamua kiasi cha hewa ni pale penye wembamba kuliko kwingine kote. Hata ukipanua barabara ya Newala huku chini iwe njia nne, kule kwenye kona za kupanda mlima ikibaki ilivyo magari yatasubiriana palepale. Kwahiyo swali la kwanza siyo nitanue kiasi gani, swali ni wembamba uko wapi.

Na kulijua hilo hakuhitaji kifaa chochote. Mwaga juisi yote, fungua tenki, toa koili, osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza mpaka harufu iishe, kausha. Halafu lifunge tenki likiwa tupu bila koili, bila betri, uvute. Ikipita hewa bwerere ujue matundu ya chini hayana kosa lolote, mlango mwembamba ni koili yenyewe, na hapo hata utoboe mpaka tenki liwe chujio huoni tofauti. Ikibaki nzito vilevile hata bila koili, toa na kipande cha mdomoni ujaribu tena, kuna vile virefu vyembamba vya plastiki vinavyokuja na kalamu hizi, tundu lake dogo kuliko yale ya chini, na hicho unabadilisha tu kwa hela kidogo bila kumsumbua sonara.

Kuna kijana wa Magomeni alinijia mezani kwangu mwaka huu na malalamiko haya haya ya kwako. Nilipopitisha kipande cha tishu nilichosokota kwenye bomba la kati kilitoka kahawia chote, kinanata kama asali iliyoungua. Mvuke ukipoa unageuka maji, yale maji yanajikusanya kwenye bomba na chini ya koili, yanakaa humo wiki nzima, na kwa joto letu la huku na unyevu huu wa bahari mambo hayakauki yanatengeneza utando. Halafu mtu aliyetoka kwenye sigara ana tabia ya kunyonya kwa nguvu, akinyonya kwa nguvu anaivuta juisi kutoka kwenye pamba ya koili inafurika kwenye koili, koili ikifurika njia inaziba, njia ikiziba ananyonya kwa nguvu zaidi. Ukisikia inagugumia kama buruma ya maji ndo hiyo. Dawa yake ni kutoa tenki kwenye betri, kuweka tishu chini na kupuliza kwa nguvu kutokea mdomoni, baada ya hapo vuta taratibu kwa sekunde tatu nne, kama unavyovuta chai ya moto usiungue.

Sasa hiyo juisi yako. 70 kwa 30 maana yake glisirini ni 70 na propilini glaikoli ni 30. Glisirini ni nzito, ndo inayoleta wingu, na inataka koili yenye madirisha makubwa ya kuingizia juisi kwenye pamba. Koili ya 1.2 madirisha yake ni vitundu vidogo, imetengenezwa kwa juisi nyepesi ya 50 kwa 50. Ukiipa ile nzito pamba inakunywa polepole kuliko unavyovuta, inabaki na kiu, mvuke unapungua, na ukiendelea unapata ladha ya kuungua inayokwangua koo. Watu wengi hapo wanasema hewa haitoshi wakati kilichokosekana ni juisi. Na ile ladha ya kuungua usiizoee ndugu yangu, glisirini na glaikoli zikichomwa kupita kiasi zinatoa formaldehaidi na akrolini, zile ni sumu za mapafu na ni katika zile zile tulizokuwa tunazikimbia kwenye sigara. Badilisha juisi kabla hujabadilisha chuma.

Halafu nikwambie kuhusu rafiki yako, maana naona wingu lake ndo limekuletea hamu. Yake na yako ni vitu viwili tofauti kama baiskeli na pikipiki. Wewe unavuta kwenye mdomo kwanza halafu unashusha kifuani, kama sigara, na tenki lako limepimwa kwa uvutaji huo, kile kizito unachokisikia kwa kiasi fulani kimewekwa makusudi. Yeye anavuta moja kwa moja kifuani, na koili yake itakuwa chini ya 0.5. Hesabu ni hii, wati ni volti mara volti gawa kwa omu, ile namba iliyoandikwa kwenye koili. Betri yako ikiwa na volti 3.7 na koili ya 1.2 unapata wati kama 11. Koili ya 0.4 kwa volti hizohizo ni wati 34, na mkondo unapanda kutoka ampea 3 mpaka 9. Wati 34 zinatoa joto linaloweza kuchemsha juisi nyingi na kuhimili upepo mwingi. Wati 11 zako ukizipigia upepo wa tundu kubwa unaipoza koili, mvuke unakuwa mwepesi hauna ladha, na utarudi kwangu unalalamika lingine. Na usije ukasema basi naweka koili ya 0.4 kwenye hiyo kalamu, betri ndogo ile haikuundwa kutoa mkondo huo, itapata moto mkononi mwako.

Haya, tuseme umeosha, umebadilisha juisi ikawa 50 kwa 50, umeweka koili mpya ukaidondoshea matone kwenye pamba na kuiacha imelowa dakika 10 kabla ya kubonyeza, na ule mtihani wa tenki tupu umekuonyesha kweli wembamba uko chini. Hapo toboa, lakini sio milimita 2. Tundu la milimita 1 likifika milimita 2 halijawa mara mbili, njia ya hewa imekuwa mara nne. Kutoka 1 hadi 1.2 peke yake umeshaongeza asilimia 44. Kwahiyo unapanda hatua moja ndogo, unaosha, unafunga, unavuta siku nzima, ndo unaamua kama unataka nyingine. Chuma ukishakitoa hakirudi.

Kabla ya biti kugusa, chungulia nyuma ya pete ya hewa. Mara nyingi pete ina dirisha kubwa, tundu lenyewe la kweli liko ndani yake kwenye kitako, hilo ndo la kutanua, pete iache. Tenki liwe tupu, glasi imetoka, koili imetoka, mipira yote ya kuzibia imetoka, na betri iwe chumba kingine kabisa. Tumia drili ya kuzungusha kwa vidole, ile ya sonara, sio ya umeme ya fundi seremala maana ikiteleza inapasua ukuta unaotenga hewa na juisi na tenki limekufa hapohapo, litavuja maisha. Pini ya katikati kule chini usiiguse kwa namna yoyote, hata kama kuna vitundu vya hewa pale. Pini ile ni chanya, kuizunguka kuna kipira kinachoitenga na chuma cha hasi, ukikijeruhi kipira hicho umetengeneza shoti.

Na ukiona ndani ya tundu panang'aa njano, simama. Hiyo ni shaba nyeupe (brasi), juu imepakwa nikeli au kromiamu, na shaba nyeupe mara nyingi huwa na madini ya risasi kidogo ndani yake. Hewa ya kwenda kwenye mapafu yako haitakiwi ipite kwenye jeraha la namna hiyo kila siku. Nunua tenki lingine tu. Likiwa chuma cha pua unaendelea, ukimaliza unalainisha kingo kwa msasa mwembamba, halafu kuosha, na hapa nakusisitiza kuliko mahali pengine popote: maji ya moto na sabuni, brashi laini ya meno, suuza, rudia mara tatu, pitisha pamba nyeupe mpaka itoke nyeupe. Vumbi la chuma likibaki linavutwa. Kausha siku nzima, wakati wa masika kausha siku mbili.

Kuhusu kuvuja, juisi inashikiliwa ndani ya tenki na ule mvuto wa hewa iliyobaki juu yake, ndo maana mpira mmoja ukikatika au koili ikiwa haijakazwa inashuka yote. Kagua mipira, iliyochoka ibadilishe. Rudisha ile koili yako ya zamani, jaza maji safi badala ya juisi, simamisha tenki juu ya tishu nusu saa. Tishu ikibaki kavu uko salama, mwaga, kausha, koili ile tupa weka mpya. Niandikie ulichokikuta kwenye ule mtihani wa tenki tupu, nataka kweli kujua.

SWALI: Habari fundi, nakuandikia toka Mtanda, Lindi. Juisi huku naipata mpaka mtu aje na basi toka Dar na bei imepanda. Bibi anakamua mafuta ya nazi safi kabisa, nilitaka nichanganye na arki ya vanila ya keki nijaze kwenye tenki, tena kwasababu mafuta ni mepesi kukiwa na joto nadhani hewa itapita vizuri. Inafaa?

JIBU: Hapana. Usifanye hivyo hata mara moja ya kujaribu, nakuomba kama ndugu. Mafuta ya nazi ya bibi ni salama kwenye wali na kwenye ngozi kwasababu tumbo lina namna ya kuyasaga. Pafu halina. Juisi ya vepu haina mafuta ndani, glisirini na glaikoli zinateleza kama mafuta lakini zinayeyuka kwenye maji. Mafuta halisi yakigeuka mvuke na kuingia kwenye mapafu yanabaki pale, yanaleta nimonia ya mafuta, mtu anakosa pumzi na antibayotiki haiitibu kwasababu hakuna kijidudu cha kuua. Mwaka 2019 Marekani vijana walianza kuanguka na ugonjwa wa mapafu, mpaka Februari 2020 waliolazwa walipita 2,800 na 68 wakafariki, na kitu kilichokutwa kwa wengi wao ni asetati ya vitamini E, kitu cha mafutamafuta kilichochanganywa hasa kwenye vimiminika vya bangi ya kuvuta kwa vepu. Kunywa au kupaka haikuwa na neno, kuvuta ndo kukaua.

Arki ya keki nayo hapana, zingine zina mafuta, zingine sukari na rangi, sukari inaungua kwenye koili inakuwa lami nyeusi. Na kama utaniuliza kuhusu glisirini ya kupaka ya duka la dawa, ile haikupimwa kwa ajili ya kuvuta, na viyeyusho vya namna hii vimewahi kuchafuliwa na sumu iitwayo daiethilini glaikoli, ndo iliyokutwa 2022 kwenye dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 Gambia. Chupa usiyojua imetoka wapi usiipumue. Juisi ikikuishia kabla basi halijafika, kaa bila. Zile siku mbili ni ngumu lakini zinapita, na kama umeweza mbili huenda ukaweza na ya tatu.

SWALI: Fundi mambo, mi bodaboda Masasi. Vepu yangu ni ya box inatumia betri moja ya kuchomoa, ile ya 18650. Ya kwake imekufa, fundi simu mmoja kanipa aliyoitoa kwenye betri ya laptop ya zamani, inaingia vizuri tu. Ila ikikaa mfukoni naona joto.

JIBU: Poa mdogo wangu, itoe leo. 18650 ni ukubwa tu, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65, haisemi betri ina nguvu gani. Za laptop zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, nyingi hazikuundwa kwa mkondo mkubwa wa ghafla, na hiyo box yako ukiweka koili ya 0.2 betri ikiwa imejaa volti 4.2 inadai mpaka ampea 21. Joto unaloliona ndo betri inalalamika. Juu ya hapo umekaa nayo mfukoni kwenye pikipiki siku nzima na jua la Masasi.

Tafuta ambayo imeandikwa uwezo wake wa ampea, ununue kwa mtu unayeweza kumrudia. Na angalia lile ganda la plastiki la nje, likichanika hata kidogo usitumie, kwasababu mwili mzima wa betri ni hasi mpaka karibu na kichwa, chanya ni kile kiduara cha juu tu, panapochubuka ndo shoti inapotokea. Betri ya akiba weka kwenye kiboksi cha plastiki, kamwe isikae mfuko mmoja na funguo na sarafu. Ikianza kuvimba au kuzomea tupa chini mbali na tenki la mafuta la pikipiki, sogea, na kama kuna maji mengi karibu mwagia kwa mbali kuipoza.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mama wa Mikindani, mume wangu anatumia hivyo vitu, chupa zake anaziacha dirishani, zina picha za embe na stroberi, na tuna mtoto wa miaka miwili. Jana nimemkuta kashika moja. Ni ya kunukia tu au ina madhara?

JIBU: Nzuri dada, pole kwa mshtuko. Ina madhara makubwa, na naomba baba wa nyumba asomewe jibu hili kama hataki kulisoma mwenyewe. Chupa ndogo ya mililita 30 yenye nikotini miligramu 20 kwa kila mililita ina miligramu 600 kwa jumla, mtoto wa umri huo kidogo sana kinatosha kumuweka hatarini. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki jimbo la New York kwa kumeza nikotini ya maji namna hii. Inapita hata kwenye ngozi, kwahiyo ikimwagika mkononi unaosha kwa maji mengi na sabuni mara moja.

Ziondoke dirishani leo hii, ziende juu ndani ya kitu kinachofungwa kwa kufuli, pamoja na tenki lenyewe maana nalo lina juisi, na koili zilizotumika zisitupwe kwenye ndoo ya takataka ambayo mtoto anaifikia. Ukimkuta kanywa au kalamba, usimtapishe na usimpe maziwa ukisubiri uone. Dalili zinakuja haraka, anatapika, anatokwa jasho na mate mengi, anapauka, anatetemeka, halafu analegea. Toka hapohapo bila kusubiri dalili, panda chochote kinachopita kwenda hospitali ya Ligula, na ile chupa ibebe mkononi daktari aione imeandikwa ngapi.